Kwa Raya, Anayekwenda India Bila Ugonjwa

Raya mwanangu,

Salamu umeshapewa na nusu ya mtaa wetu wa Mabela tangu juzi. Nikiongeza na zangu sanduku litazidi uzito, kwa hiyo naziruka. Nnaandika hapa karakana, alasiri, mlango nimeushusha nusu ili wateja wadhani nimefunga. Wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi zako, na nnavyowajua shangazi zako hamtoki huko mpaka mlishwe kwa nguvu. Basi nafasi ninayo.

Usitafute humu habari za soksi, wala pilipili, wala kuchemsha maji, wala nani umfungulie mlango na nani usimfungulie. Kazi hiyo mama yako ameshaifanya, na kama kuna alichosahau atakupigia simu kabla ndege haijanyanyua magurudumu. Mimi nakuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nayageuza mzaha, wewe unacheka, mama yako anasema "huyu hakui huyu", na tunakwenda kula. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Mwandiko usinicheke. Mimi na shule tuliachana mapema, na kusema kweli aliyepata khasara ni shule. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ndevu zangu na meno yako vimeota pamoja. Watu walikuwa wakituona sokoni wakidhani nimepewa mdogo wangu nimbebe. Kwa hiyo tumekua pamoja wewe na mimi, ila wewe ulikwenda mbio zaidi.

Kwanza nikuchekeshe. Bibi yako Ghania mpaka leo asubuhi anauliza unaumwa nini. Si kosa lake. Kwa watu wetu hapa India ni hospitali. Mtu akisema anakwenda India watu wanapunguza sauti, wanauliza ni moyo au ni mgongo. Juzi kanivuta pembeni, kanishika mkono, kaniambia, "Nambie mimi mama yako, mtoto ana nini? Sitomwambia mtu." Nikamwambia ana roketi. Akatikisa kichwa kwa huzuni akasema Mungu atamponya.

Wale wasiouliza ugonjwa wanauliza kwa nini si Ulaya. Hao nimewaharibu mimi. Wewe bado uko darasa la kumi mimi nimeshatangaza baraza zima kwamba binti yangu anakwenda Ulaya kusomea uhandisi. Hukuniambia unakwenda, wala hukuniambia unataka. Nilipenda tu lilivyosikika. Ulipokuja na India yako nilikasirika kwa sababu ulikuwa unaniharibia hadithi ambayo nilishaisimulia.

Na aliyekutia India kichwani ni Ustadh Murali, mwalimu wenu wa pale chuoni, yule mzee mwenye shati la mikono mifupi na kalamu zimejipanga mfukoni kama risasi. Kabla hajaja huku kufundisha alikaa kwao miaka mingi kwenye kazi za injini za roketi, na nduguye alikuwa kwenye karakana za vichwa vya treni. Kila jioni ulikuwa unarudi na jambo lake jipya, na mimi kila jioni nalifanyia stihizai.

Lile la ng'ombe nililifaidi sana. Ulitueleza mezani kwamba Wahindi zamani walikuwa na chombo chao cha mawasiliano, cha kupeleka angani, na siku moja wakakipakia juu ya gari la ng'ombe. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Ukangoja nimalize, kisha ukaeleza taratibu kwamba walitaka kuipima antena yake mahali ambapo hapana chuma karibu cha kuyavuruga mawimbi, na gari la mbao lilikuwa jibu jepesi na sahihi. Nikafikiri. Kisha nikauliza ng'ombe alikuwa anaitwa nani. Wiki nzima kila ukitoka asubuhi nakuuliza kama mmeshawapa majani wanafunzi wenzako.

Halafu likaja la ndege. Ukasema India wana ndege yao ya vita waliyoichora wenyewe, bawa lao, kompyuta zao zinazoishika isipinduke angani, lakini injini iliyomo bado ya kununua kwa wageni, kwa sababu ile waliyoiunda wao haikufikia nguvu inayotakiwa. Mle ndani mwa injini mna mapanga yanayozunguka katikati ya moto, na kutengeneza chuma cha kuustahamili moto ule ni kazi inayowashinda wengi duniani. Mimi nikasema basi hiyo si ndege yao. Mtu akija hapa karakana ananiambia gari hili nimeliunda mwenyewe ila injini ya jirani, namtoa mbio. Ukanijibu, "Baba, mbona wao wenyewe ndio wanaosema? Hawajamficha mtu." Sikulishika jibu hilo siku ile. Nililiona la kitoto.

Sasa nije kwenye siku ile ya Yiti, kule pwani. Unaijua yote, ulikuwepo, na ulikuja ukaieleza mbele za watu waziwazi kuliko nilivyopenda. Lakini upande wako ndio uliosikika. Nataka usikie na huu wa kwangu.

Mlikuwa na ile roketi ya chuo, bomba la alumini urefu wa mkono wangu. Siku ile haikuwa ya kuruka. Mnaifunga kwenye fremu, mnaiwasha, mnapima inasukuma kwa nguvu gani. Ruhusa mnayo, wakaguzi wanakuja, na Ustadh Murali alishakwambia kwamba barua ya kukutetea kule chuo cha India ataiandika baada ya kuona kazi yenu. Ukaniletea fremu niichomee, na bomba ukaniachia nipate vipimo.

Fremu niliichomea vizuri, hilo hata maadui zangu wanakubali. Kisha macho yakaniponza. Nikaangalia kile kifuniko cha mbele nikaona bolti mlizotia. Raya, nilitaka kulia. Bolti laini, za aibu, nimeigusa moja kwa spana ikaniitikia kama jibini. Nikajisemea watoto hawa wamekwenda kununua bolti za kufungia kabati. Na mimi mtu wa giaboksi, niliyejulikana tangu hapa mpaka Barka kwamba kilichofungwa na mimi hakifunguki mpaka nikifungue mimi. Nikazitoa zote nikatia za chuma kigumu, nikazikaza mpaka zikalia. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa naihifadhi. Ikishasimama vizuri mbele ya wageni, ndipo nitakohoa kidogo nitangaze.

Uliniuliza baadaye kama sikujua kwamba kuna vitu vinafanywa dhaifu kwa makusudi. Nilijua, tena vizuri. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tano mashine ya mashua ya mjomba wangu, pale pale Yiti, ilikuwa na pini ndogo kwenye panga lake. Panga likigonga jiwe pini inakatika, mjomba anatia nyingine, anaendelea na safari. Mimi nikaona uzembe. Nikamtilia kipande cha kekee, chuma kisichojua kukatika, nikamwambia hii utazikwa nayo. Jiwe lililofuata pini ikashika kweli, na meno yote ya ndani yakasagika. Mjomba alirudi kwa makasia. Mtu mwenye akili angejifunza siku ile. Mimi nilichojifunza ni upande gani wa kumkimbilia mjomba.

Siku ya jaribio nikaja na kiti changu cha plastiki, sanduku la barafu, na rafiki yangu Khamis na baraza lake lote, maana furaha bila mashahidi naiona pungufu. Nikakiweka kiti mahali pazuri pa kuonea. Wewe ulikuwa umevaa miwani ile mikubwa, unazunguka na kuwapeleka watu nyuma ya magunia ya mchanga, mbali huko. Wakaguzi wamekwenda, Khamis kaenda, Ustadh mwenyewe kaenda. Nikabaki mimi.

"Baba, nnakuomba urudi nyuma ya magunia."

"Kule kote? Ntaonea wapi?"

"Urudi tu, Baba. Siwashi mpaka urudi."

"Fremu hiyo nimeichomea mimi, Raya."

"Ndiyo. Na anayewasha leo ni mimi."

Ulisema kwa adabu, kwa sauti ya chini, na ukasimama hapo hapo huku umeshika kile kiwashio kama umeshika funguo za nyumba. Khamis kule nyuma anapiga makofi. Nikainuka, nikakiacha kiti kwa hasira ili ujue nitakirudia, nikaenda kusimama nyuma ya watoto wa chuo kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Kilichofuata kilikuwa kifupi mno. Moshi, mlio mkali, kisha mshindo niliousikia kwenye meno kabla ya masikio. Vumbi lilipotulia bomba halipo. Lilipasuka vipande, na kipande kimoja kilipita kwenye mgongo wa kiti changu, palepale ambapo na mimi ningeuweka wangu.

Hukukimbilia roketi. Nilikuona. Ulikuwa unapita mtu kwa mtu, unawagusa mabega, midomo inahesabu. Ukanifikia mimi ukanishika kifua kwa mikono miwili, ukauliza kama ni mzima. Nikakujibu, "Kiti changu." Ndilo neno pekee nililolipata. Mpaka leo nikilala mchana nikishtuka nautafuta mgongo wangu, nikiukuta nasema alhamdulillahi, kisha nasinzia tena vizuri sana. Hakuna aliyeumia. Sikia, hakuna hata aliyekwaruzika. Nimeishi miaka yote hii na sijui kama nimewahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho.

Lakini siku ile sikulijua hilo. Siku ile nilikuwa na kazi ya kulinda jina.

Kesho yake Ustadh akatuita darasani, wanafunzi na sisi wageni tuliokuwepo. Akaandika ubaoni kwamba anauliza nini kilivunjika na kwa nini, na kwamba swali la nani halimo. Ukasimama. Ukaanza na lako: ile baruti yenu ya kuisukuma roketi uliiacha ndani ya gari mchana, joto likaipasua ndani, na ikipasuka moto unapata mahali pengi pa kula kwa mara moja, presha inapanda. Nikatikisa kichwa, nikaona mtoto jasiri. Kisha ukasema, "Bolti tulizochagua zilikuwa laini kwa makusudi. Presha ikizidi zinakatika, kifuniko kinaruka mbele kwenye tuta la mchanga, bomba linabaki zima. Baba yangu alizibadilisha akatia ngumu. Na mimi sikuzikagua kabla ya kuwasha, kwa hiyo na hilo ni langu."

Ulisema mambo matatu, mawili umejibebesha wewe, moja langu. Mimi nilisikia moja tu. Khamis alikohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko, nami nikainuka nikatoka.

Jioni ile barazani walishanipa jina. Baba Bolti. Mpaka muuza chai alikuwa ameshalijua. Na mimi badala ya kucheka nao, kazi ninayoiweza kuliko wote, nikanuna. Nikawa nakula hapa karakana. Ukinisalimu najibu kwa pua. Mtu wa umri wangu, mbele ya binti aliyemuokoa uti wa mgongo. Nilikuwa nataka nini? Nimewaza sana. Nadhani nilitaka useme ni joto peke yake. Joto halina jina, halina baraza, halina anayelicheka. Ungesema joto, Maskati nzima ingekuamini.

Kisha mama yako akaniletea ujumbe wako, amesimama nao mlangoni hapa kama hati ya mahakama: huondoki nyumbani na mimi nimenuna. Barua ya Ustadh huitaki, nafasi utaiacha iende, kazi ya ofisini utaitafuta hapa hapa, kwisha. Nilijua husemi kunitisha. Wewe tangu mdogo ukisema huli, huli. Nikamwambia mama yako basi na akae, wangapi wamekaa wakaishi. Zuwena wangu akaniangalia, unamjua mama yako akikuangalia vile. Akasema, "Mtoto kakurudisha nyuma uko hai. Ulitaka akurudishe kwa heshima gani zaidi ya hiyo?" Akaondoka na vyombo vyake, na chakula changu kimo humo.

Kilichonitoa kwenye kununa nikwambie, kwa sababu hukijui chote. Ustadh Murali alikuja hapa na gari lake, kisingizio breki. Breki zake zilikuwa nzima kuliko zangu. Akakaa juu ya tairi akanywa chai, akaanza, nusu Kiarabu nusu mikono, kunihadithia treni za kwao. Kiungo kinachoshika behewa na behewa, alisema, kina kipande kama ngumi iliyokunjwa. Ngumi ile inafanywa ivunjike kabla ya kila kitu kingine. Dereva akivuta mzigo vibaya ngumi inakatika, wanatia ya akiba, treni inakwenda zake. Ukiifanya ngumu isiyovunjika, siku hiyo kinachong'oka ni kiunzi cha behewa lenyewe, katikati ya njia, na nyuma yake inakuja treni nyingine. Na ugumu wa kazi hiyo, akasema, si kuifanya ivunjike. Hilo kila mjinga anaweza. Ugumu ni kuifanya isivunjike kila siku kwa mzigo wa kawaida, kisha siku inayotakiwa isikatae.

Nikamuuliza habari ya kile chombo chao kilichoanguka mwezini, maana wewe ulishawahi kunambia nikacheka. Hakuona haya hata kidogo. Akasema walipokiunda kingine walikaa wakauliza kila kitakachoweza kuharibika, kimoja kimoja. Miguu wakaiongezea nguvu ili kikishuka kwa kasi isivunjike, mafuta wakaongeza, uwanja wa kutua wakaupanua, injini moja ya katikati wakaiondoa kabisa. Na kikatua. Nikauliza waliokosea kile cha kwanza walifukuzwa? Akacheka, akasema sasa nani mwingine angejua kile kilianguka kwa nini?

Kisha yule mzee akaigeukia mashine yangu ya kukerezea vyuma, akaipapasa, akajisemea kama yuko peke yake kwamba khasara, hapa Maskati pengine hapana mtu wa kukereza bolti ikakatika palepale inapotakiwa. Nikamwambia yupo, umekaa kwenye tairi lake. Nilivyomaliza kusema ndipo nikaona kalamu zake zote zinanicheka. Nimenaswa kama panya, Raya, na jibini nimelitoa mwenyewe.

Kesho yake ukaja na mchoro. Hukusema samahani, na mimi sikusema, na namshukuru Mungu kwa hilo, tungelia tukaharibu kazi. Ukauweka mezani ukasema, "Nataka zikatike, Baba. Si mapema, si baadaye."

Sijafanya kazi ngumu kama ile. Mtu niliyeishi kwa kukaza, nakaa kutwa navunja. Nakereza shingo ya bolti, tunaivuta kwa jeki, wewe unasoma geji, inakatika mapema, tunatupa. Nyingine, inachelewa, tunatupa. Unywele mmoja tu wa chuma ukizidi shingoni, tabia yote inabadilika. Nilikutukana mara mbili ukanirudishia kwa adabu. Ulileta chai, ukaipoza kama nnavyopenda. Tulipopata zinazokatika mahali pamoja, moja baada ya nyingine, nilizishika mkononi nikaona ni vitu vizuri kuliko giaboksi yoyote niliyoifunga. Na hii si kujisifu. Kujisifu kunakuja.

Jaribio la pili mama yako alikuja, na kila mtu alikuwa nyuma ya magunia, mimi wa kwanza. Ukawasha. Na wallahi ikaharibika tena. Safari hii mdomo wa nyuma ndio ulioziba, presha ikapanda, nikaona mikono yako imekaza. Kisha tukasikia "ta", kama mtu aliyedondosha sufuria, kifuniko kikaruka kikazama kwenye tuta la mchanga, moto ukatoka pole pole mbele na nyuma, ukafa. Bomba limekaa kwenye fremu, zima, linatoa moshi kama mzee anayevuta. Khamis akasema, "Masikini, imeshindwa tena." Na Ustadh Murali peke yake anapiga makofi.

Ukageuka ukanitafuta. Sura ile, mwanangu, ndiyo nitakayobaki nayo wewe ukiondoka. Na mimi, usinilaumu, nikawapigia kelele wote kwamba bolti zile ni zangu.

Jaribio la tatu lilikwenda kama maji, vipimo vyote mlivipata, watu wakakumbatiana. Silikumbuki sana. Na Ustadh hakungoja siku hiyo kuandika barua yake. Aliiandika usiku wa jaribio la pili, lile lililoshindwa.

Mtu msomi hapa angeligeuza jambo hili somo. Mimi elimu ya kukuchosha sina. Nasema linalonihusu tu. Mafundi walionilea walinifunza kwamba fundi hasemi ameharibu. Gari likirudi, sema ni barabara, sema ni petroli, sema ni dereva. Nimesema hivyo miaka mingi, na kwa kusema hivyo yapo makosa niliyoyarudia mpaka yakanizoea. Wewe ulisimama darasani dakika chache ukafanya jambo ambalo mimi sijaliweza maisha yangu yote, na ulilifanya na mimi nimekukodolea macho.

Huko unakokwenda utakuta watu wakubwa. Wameshapeleka vitu mwezini, wanaunda vichwa vya treni vya kuvuta mlima, na wengine watakuwa wema, wanakupenda, umri wa baba yako. Siku moja mmoja wao atabadilisha bolti kwa mapenzi tu. Na wewe utakuwa mgeni, msichana, mdogo kuliko wote chumbani, na utaona haya. Ikifika siku hiyo kumbuka kwamba mimi ni mgumu kuliko wao wote, mbishi kuliko wao wote, na mimi ulinambia.

Ndiyo maana, wakikwambia kesho kwamba baba yako hana huruma, mbona halii, waambie khofu yake ameimaliza. Wazazi wengine wanawapeleka watoto uwanja wa ndege huku roho ziko juu, hawajui mtoto atawezaje akiwa peke yake mbele ya mtu anayemzidi nguvu. Mimi nimeshaona. Nilikuwa ndiye mtu mwenyewe. Usiku nalala, Raya. Mama yako anakesha kukunja nguo alizokwisha kuzikunja, mimi nalala fofofo, na yeye anadhani ni ubaridi wa moyo.

Reli yetu huku Suhar wanaijenga. Ukirudi pengine utaikuta inakwenda, pengine utaifanyia kazi, pengine hutorudi upesi kwa sababu kule watakung'ang'ania. Sikuwekei sharti. Barazani nimeshawaeleza mwenyewe yote, kama ulivyoyasema wewe, na bolti ngumu zikiwemo, sikuzitoa. Khamis alisikitika, nimemnyima raha yake. Na Bibi yako nitaendelea kumwambia unapata nafuu.

Huko mkikaa wanafunzi mtaulizana wazee wenu wanafanya kazi gani. Wengine watasema daktari, wengine mkurugenzi. Wewe sema baba yangu yuko Mabela, anatengeneza bolti zinazokatika. Wakicheka, waulize zao zinakatika wapi.

Baba yako